Mizani ya Marafiki

Tarehe 7 Juni 1939 watu wachache walikutana katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, jijini New York, wakaanzisha chama cha kuandika uzito wa samaki. Ulaya ilikuwa imebakiza miezi mitatu kabla ya vita, na dunia ilikuwa na mambo mazito zaidi ya kuhangaikia. Waliohusika ni tajiri wa maduka ya nguo za wanawake, profesa wa maumbile ya wanyama, mwanamke mtafiti wa samaki, na nyuma yao kundi la watu waliojuana kwenye maboti na gatini, ndoano mkononi. Chama kikaitwa International Game Fish Association. Wavuvi wa michezo wa nchi zote hukiita kwa herufi zake nne, IGFA.

Historia rasmi husema kiliundwa ili uvuvi wa michezo uwe na kanuni moja duniani, na hiyo ni kweli. Lakini ukiwafuatilia waanzilishi mmoja mmoja, utawakuta marafiki waliokutanishwa na samaki, ambao walikuwa wameshaona jinsi samaki huyo huyo anavyowafarakanisha watu. Mvuvi wa riziki akirudi pwani, samaki wake huulizwa bei. Mvuvi wa michezo huulizwa uzito, na hapo ndipo maneno huanza: nani alipima, mzani ulikuwa wa nani, nani alimsaidia, mbona tumbo limevimba hivyo. Waliokaa makumbushoni siku ile walitaka marafiki wapate mahali pa kupeleka maneno hayo kabla hayajawa ugomvi.

Mfano wa kwanza walikuwa nao nyumbani, upande wa pili wa Marekani. Katika kisiwa cha Santa Catalina, mbele ya pwani ya California, mwandishi wa mambo ya viumbe aitwaye Charles Frederick Holder alimtoa majini jodari wa ratili 183, sawa na kilo 83, tarehe 1 Juni 1898. Alitumia fimbo na gurudumu la kukunjia mshipi, wakati ambapo wageni wengi pale walitupa mishipi minene ya mkono na kuwaburuta samaki kwa wingi, kisha kuwaacha waoze ufukweni. Mwaka huo huo Holder na wenzake wakaanzisha Tuna Club katika mji mdogo wa Avalon. Sharti lao lilikuwa jepesi kulitaja na gumu kulitimiza: mshipi uwe mwembamba, fimbo iwe nyepesi, na mvuvi apambane na samaki peke yake mpaka ubavuni mwa boti.

Klabu ile ilijaa watu maarufu, na miongoni mwao alikuwa Zane Grey, mtunzi wa riwaya za magharibi ya Marekani, aliyekuwa tajiri kwa kalamu na mwenye wazimu wa bahari. Mwaka 1920 Grey alipata samaki wa pua ya upanga mwenye ratili 418, na husimuliwa kwamba wenzake walichoka kusikia habari zake. Mwaka uliofuata Bi. Keith Spalding, mwanamke mwenye umbo dogo, akaja na wa ratili 426. Grey hakuweza kuamini, na hakujizuia kusema kwamba haamini. Uongozi wa klabu ukasimama na mama yule, na Grey akaishia kuondoka. Ratili nane zilitosha kumtoa mtu kwenye baraza la marafiki zake.

Waingereza nao walikuwa na yao. Katika miaka ya 1930 majodari wakubwa walikuwa wakiwafuata samaki wadogo waliodondoka kwenye nyavu za meli za Bahari ya Kaskazini, na mji wa Scarborough ukageuka kituo cha matajiri wenye mashua na fimbo nene. British Tunny Club ikaanzishwa huko mwaka 1933, na mwaka huo huo Lorenzo Mitchell-Henry akamtoa jodari wa ratili 851. Miaka 16 baadaye John Hedley Lewis akaleta wa ratili 852. Mitchell-Henry, ambaye umri haukuwa umempunguzia ukali, alidai kwamba kamba iliyomning'iniza samaki mzanini ilikuwa imelowa, na kwamba ratili ile moja ilikuwa ya maji. Hoja yake ikasikilizwa. Hadi leo orodha ya rekodi za Uingereza inamtaja Mitchell-Henry. Naikumbuka habari hii kila ninapomsikia mtu akisema kwamba kanuni za uvuvi ni mchezo wa watu wasio na kazi. Watu hawa hawakuwa na kazi, ni kweli, lakini walikuwa na heshima zao, na heshima hizo zilipimwa kwa kamba iliyolowa.

Njia ya kufika New York ilipita pia karibu na kwetu. Mwanzoni mwa 1934 mwandishi wa riwaya Ernest Hemingway, akiwa na umri wa miaka 34, alimaliza safari yake ya kuwinda Tanganyika na Kenya, safari iliyokatizwa na ugonjwa wa kuhara damu uliomlazimu kusafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Baada ya kupona na kurudi porini, aliteremka pwani na mwindaji aliyemwongoza, Philip Percival, na kijana wa ukoo wa matajiri, Alfred Vanderbilt, wakavua katika maji ya Malindi. Percival alikuwa amezoea simba na vifaru, na Hemingway alimheshimu kuliko karibu mtu yeyote aliyemwona barani humu. Boti waliyokodi haikuwa ya kujivunia. Lakini Hemingway alirudi Marekani akiwa na hamu ya bahari tu, na kabla ya mwaka kufika katikati alikuwa ameshanunua boti yake mwenyewe ya futi 38, Pilar, kutoka kiwanda cha Wheeler huko Brooklyn.

Kwa Pilar ndipo urafiki wa mvuvi na mwanasayansi ulipoanza kuzaa kitu. Mwaka huo huo wa 1934 Hemingway aliwakaribisha Havana wataalamu wawili wa Academy of Natural Sciences ya Philadelphia: Charles Cadwalader, aliyeiongoza taasisi hiyo, na Henry Fowler, bingwa wa kuainisha samaki. Walikuja kwa ajili ya nduaro, yule samaki wa pua ndefu ambaye wataalamu wenyewe walikuwa hawajakubaliana ana aina ngapi. Weupe, weusi, wenye mistari, wa buluu: je, hawa ni ndugu mbalimbali au ni samaki mmoja katika umri na jinsia tofauti? Maabara haikuweza kujibu kwa sababu haikuwa na samaki. Makumbusho hayakuwa na bajeti ya kukaa baharini mwezi mzima kungoja nduaro ang'ate. Hemingway alikuwa na muda, boti na ubishi. Fowler alipofika nyumbani na kuandika matokeo yake, mwaka 1935, samaki mmoja mdogo wa jamii ya wenye miiba akapewa jina la kitaalamu Neomerinthe hemingwayi. Hakufanana na shujaa wa riwaya yoyote.

Mwaka 1935 Pilar ilivuka hadi Bimini, visiwa vya Bahamas vilivyo karibu sana na Miami, pembeni mwa mkondo wa maji ya moto uitwao Gulf Stream. Majodari wakubwa walipita pale kila masika, lakini hakuna aliyekuwa akimtoa mzima. Mvuvi alipochoka na kupumzika kidogo, papa walifika kabla yake, na kilichoinuliwa kilikuwa kichwa na uti wa mgongo. Hemingway aliona dawa: usimpumzishe samaki, wala usijipumzishe, mvute tangu mwanzo kwa nguvu zote mpaka atoke kabla papa hawajanusa. Alifaulu, na wenzake wakamwiga.

Alikuwa mgeni mgumu. Alimpiga ngumi Joseph Knapp, mchapishaji wa magazeti, gatini usiku, na vijana wa kisiwa wakamtungia wimbo Knapp aliyeangushwa. Aliahidi pesa kwa mwenyeji yeyote atakayeweza kusimama naye raundi tatu za ndondi. Alipokuwa akijaribu kummaliza papa kwa bastola alijipiga risasi miguuni. Mtu wa namna hii huhitaji rafiki mtulivu, na Bimini alimpata Michael Lerner.

Lerner na ndugu zake walikuwa wamejenga maduka ya nguo yaliyoenea Marekani nzima, na alipofika umri wa makamo aliamua kwamba maduka yanaweza kujiendesha bila yeye. Alijenga nyumba Bimini, akawa anakaa huko na mkewe Helen, ambaye alivua vizuri kama yeye. Hakuwa mtu wa makelele. Hemingway alikuwa mgeni wa kudumu katika nyumba ile ya juu ya kilima, na wasomaji wengi wanaiona ndani ya riwaya yake ya visiwa iliyochapishwa baada ya kifo chake. Mmoja alikuwa akishindana na kila kitu kinachopumua, mwingine alitaka kujua samaki ni kitu gani. Kwa pamoja walifanya kazi nzuri. Mwaka 1936 walikuwa miongoni mwa walioanzisha Bahamas Marlin and Tuna Club, Hemingway akiwa rais wake, na humo wakaanza kuandika masharti yao wenyewe.

Lerner hakuishia Bimini. Kuanzia 1936 aligharimia safari za uchunguzi kwa niaba ya makumbusho ya New York: kwanza Cape Breton nchini Kanada kutafuta samaki wa pua ya upanga, kisha Bimini, kisha Australia na New Zealand, na baadaye Peru na Chile. Alivua yeye na Helen. Samaki akifika gatini alikuwa mali ya wataalamu, na kisu kilifuata mzani. Walipima tumbo, mapezi na mayai, wakachora, wakapiga picha, wakachukua mifupa.

Mkubwa wa wataalamu hao alikuwa Dk. William King Gregory, aliyesimamia idara ya samaki ya makumbusho na aliyekuwa ameandika mwaka 1929 kitabu kilichoeleza jinsi uso wa binadamu ulivyotokana, hatua kwa hatua, na uso wa samaki. Mvuvi wa kawaida hangeketi na profesa huyu dakika tano. Lerner alisafiri naye nusu ya dunia. Francesca LaMonte, mtafiti wa idara hiyo hiyo, alishiriki pia katika safari hizo, na ndiye aliyekuwa na kazi isiyo na sifa: barua, kumbukumbu, na kujibu watu walioapa kuwa wamepata samaki ambaye hajawahi kuonekana. Akawa katibu wa chama tangu mwanzo wake, na naamini bila yeye makaratasi ya IGFA yangekuwa simulizi tu kama za baa yoyote ya pwani.

Safari ya Australia na New Zealand ndiyo iliyolifunga fundo. Lerner alikuwa amesikia kwamba watu wa British Tunny Club walitaka kuunda chama cha dunia nzima chenye makao Uingereza, lakini dalili za vita zilikuwa zimewakatisha. Alipofika Australia alilizungumza jambo hilo na Clive Firth, mvuvi na mwandishi aliyejulikana sana kule. Mazungumzo yao yaligonga palepale: kama Sydney wanaruhusu jambo ambalo Avalon wanalikataza, basi hakuna maana ya kusema samaki wa huku ni mkubwa kuliko wa kule. Firth alipendekeza Marekani ibebe mzigo. Gregory, aliyekuwa nao safarini, akatoa makumbusho kama mwamvuli. Kwa hiyo chama kilichozaliwa tarehe 7 Juni kilikuwa tayari kimekubaliwa na watu watatu kwenye pwani ya mbali, mmoja akiwa mfanyabiashara, wa pili mwandishi na wa tatu msomi wa mifupa.

Gregory akawa rais wa kwanza. Firth akawa mwakilishi wa kwanza wa nje. Hemingway alichaguliwa makamu wa rais mwaka 1940, akabaki na cheo hicho hadi alipofariki mwaka 1961. Kufikia Januari 1940, huku Ulaya ikiwa vitani, kulikuwa na taasisi mbili za kisayansi, klabu 10 na wawakilishi 12 katika nchi za nje, Nigeria ikiwa miongoni mwa sehemu hizo za mwanzo. Mwaka 1948 zilikuwa taasisi 10, klabu 80 na wawakilishi katika sehemu 41. Fedha zilitoka mfukoni mwa Lerner. Hakutoza watu ada, na mwanachama alikuwa klabu, si mtu mmoja mmoja.

Kanuni zenyewe zinastahili kusomwa polepole, kwa sababu nyuma ya kila kifungu unasikia ugomvi wa watu wawili. Tangu samaki anapong'ata, mtu mwingine asiguse fimbo, gurudumu wala mshipi mpaka sehemu ya mwisho iliyo karibu na ndoano ifikiwe. Hapo ndipo wasaidizi wanaruhusiwa kuushika. Fimbo ikivunjika pambano likiendelea, samaki hahesabiwi. Akipigwa risasi au chusa, hahesabiwi. Akitafunwa na papa kabla hajatolewa, hahesabiwi hata kama kipande kilichopungua ni kidogo, kwa kuwa samaki aliyejeruhiwa si mpinzani kamili. Kipande cha mshipi uliotumika hutumwa kupimwa nguvu zake, maana rekodi zinapangwa kwa daraja za mshipi, kutoka nyembamba sana hadi ile ya ratili 130. Mzani uwe umekaguliwa na mamlaka. Picha ziwepo. Mashahidi waandike majina. Na mshindi asizidi kwa unywele: kwa samaki walio chini ya ratili 25, anayetaka kuvunja rekodi lazima azidishe wakia mbili, la sivyo wawili hao watalingana. Kanuni ya namna hiyo, kwa samaki wakubwa, ingemaliza kesi ya kamba ya Scarborough kwa sentensi moja.

Kuna kichekesho ndani yake. Mwaka 1952 makamu wa rais wa chama alichapisha riwaya fupi ya mzee wa Cuba aliyempata nduaro mkubwa kuliko wote, kisha samaki huyo akaliwa na papa njiani. Kwa kanuni za chama chake mwenyewe, samaki yule angekataliwa angalau mara mbili: kwanza kwa sababu ya papa, pili kwa sababu mzee alitumia mshipi wa mkono.

Sababu ya pili inanigusa zaidi ya ile ya kwanza. Mshipi wa mkono ndio unaotumiwa na wavuvi wa Lamu, Mafia, Kilwa na Msimbati. Kuna wazee kwenye pwani yetu waliowatoa majodari na nduaro kwa viganja vyao, wakiwa ndani ya ngalawa, bila kiti cha kujifunga wala mtu wa kuwamwagia maji kichwani. Hakuna hata mmoja anayeweza kuingia katika orodha ile, kwa sababu mchezo uliundwa kwa fimbo. Sisemi chama kiliwaonea; kila mchezo una mpaka wake, na aliyefunga goli kwa mkono hapewi goli. Nasema tu kwamba anayesoma "rekodi ya dunia" aelewe ni ya dunia ipi.

Vivyo hivyo manahodha. Samaki huandikwa kwa jina la aliyeshika fimbo. Lakini waliojua mkondo unageuka saa ngapi, waliofunga chambo kikakaa majini kama samaki hai, waliorudisha boti nyuma kwa ustadi mpaka mshipi ukapumua, hao walikuwa watu wa kulipwa. Tommy Gifford, aliyekuwa akiwapeleka baharini kina Lerner, alibuni na kuboresha vifaa ambavyo maboti ya leo hayatembei bila hivyo. Gregorio Fuentes, mzaliwa wa visiwa vya Canary, alikaa na Pilar kwa zaidi ya miaka 20 na akafa mwaka 2002 akiwa na miaka 104. Urafiki wao na matajiri ulikuwa wa kweli, kwa maelezo ya pande zote, lakini ulikuwa urafiki wenye mshahara ndani yake. Miaka mingi baadaye chama kilipoanzisha ukumbi wa kuwaenzi wavuvi, mwaka 1998, manahodha walianza kuingizwa pia. Walichelewa, ila walifika.

Baada ya vita mambo yalikwenda kasi. Lerner, aliyechukua urais kutoka kwa Gregory mwaka 1944, alifungua maabara ya bahari Bimini mwaka 1948 chini ya makumbusho yale yale, na kwa zaidi ya miaka 20 watafiti walikwenda kusoma papa na mikondo mahali ambapo zamani watu walikwenda kupigana ngumi. Tarehe 4 Agosti 1953 Alfred Glassell alimtoa nduaro mweusi wa ratili 1,560, kilo 707, huko Cabo Blanco nchini Peru, na rekodi hiyo haijavunjwa. Picha za sinema za samaki yule zilitumika katika filamu ya riwaya ya mzee wa Cuba. Mwaka 1959 Alfred Dean wa Australia akamtoa papa mweupe wa ratili 2,664 karibu na Ceduna, samaki mzito kuliko wote waliowahi kuandikwa na chama. Mei 1960 Fidel Castro alishinda mashindano ya uvuvi yenye jina la Hemingway mjini Havana na kupokea kikombe kutoka mkononi mwa mwenye jina. Wale waliotaka kuona njama katika ushindi huo waliiona, kama kawaida ya gatini. Mwaka uliofuata Hemingway hakuwapo tena duniani, na Lerner alikuwa amekabidhi uongozi kwa William Carpenter. Lerner mwenyewe alifariki mwaka 1978.

Mwaka 1973 chama kilifungua mlango kwa mtu yeyote mwenye fimbo na ada. Nadhani uamuzi huu ulikuwa mkubwa kuliko samaki wote niliowataja. Kile kilichokuwa kikao cha watu waliojuana kwa majina kikageuka chama cha watu wasiojuana kabisa, ambao kitu pekee kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja anajua mwenzake amefuata masharti yale yale. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, jarida la Field & Stream, lililokuwa likitunza rekodi za maji baridi tangu 1910, liliyakabidhi makabati yake kwa IGFA. Rekodi za bahari na za mito na maziwa zikakaa chini ya paa moja.

Hapo ndipo na sisi wa bara tulipoingia kitabuni. Sangara mzito kuliko wote kwenye orodha, wa ratili 230, alitoka Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000, na watu wa Mwanza na Kisumu wanaruhusiwa kunung'unika. Mbenga, yule samaki wa Kongo mwenye meno kama ya mamba, ana rekodi ya ratili 97 iliyowekwa kwenye mto pale Kinshasa mwaka 1988. Malindi na Watamu zimebaki bandari za wavuvi wa nduaro, lakini mtindo umebadilika: samaki wengi wa pua ndefu sasa hubandikwa alama na kuachiwa, na namba ya alama hiyo, akikamatwa tena mahali pengine, huwaeleza watafiti ametembea kiasi gani. Mwaka 2011 chama kilianzisha pia rekodi za urefu, ambapo samaki hulazwa juu ya kipimo, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini akiwa hai. Gregory, aliyehitaji mifupa, asingefurahi.

Katika makabati ya Field & Stream kulikuwa na karatasi moja ya mwaka 1932. Tarehe 2 Juni mwaka huo, wakati wa njaa ya Mdororo Mkuu, vijana wawili wa Georgia, George Perry na rafiki yake Jack Page, walikwenda kuvua katika ziwa dogo liitwalo Montgomery. Inasimuliwa kwamba walikuwa na fimbo moja na chambo cha bandia kimoja, wakawa wanapokezana. Ilipokuwa zamu ya Perry, akaja besi wa mdomo mpana, samaki wa jamii ile ile iliyopandikizwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Walimpima posta: ratili 22 na wakia 4. Perry alituma habari kwenye shindano la jarida, akashinda zawadi ya vifaa vya dola 75, na familia yake ikamla samaki. Hakuna kipande cha mshipi kilichokwenda maabara. Rekodi ile ikawa inayotamaniwa kuliko zote Marekani, na watu waliotumia maisha na fedha zao kuitafuta walishindwa.

Tarehe 2 Julai 2009, katika Ziwa Biwa nchini Japani, Manabu Kurita alimtoa besi wa ratili 22 na wakia karibu 5. Maneno yakaanza siku hiyo hiyo: kwamba alivua palipokatazwa, kwamba mzani haukuwa sawa, kwamba Wamarekani hawatakubali. IGFA ilipokea makaratasi, picha na video, ikamfanyia Kurita kipimo cha mashine ya kutambua uongo, akafaulu. Januari 2010 uamuzi ukatolewa. Samaki wa Kurita alikuwa mzito zaidi, lakini hakuzidi wakia mbili, kwa hiyo kanuni ikawaweka sawa. Perry alikuwa amefariki mwaka 1974 katika ajali ya ndege. Orodha sasa ina majina mawili kwenye samaki mmoja, la Georgia na la Japani. Jina la Page halimo, kwa kuwa haikuwa zamu yake.